Utangulizi: Utando Juu ya Ngozi

Ukipapasa kiatu cha ngozi dukani, kwa kawaida kidole chako hugusa utando mwembamba uliopakwa kiwandani katika hatua ya mwisho. Ngozi yenyewe iko chini yake. Utando huo hubeba rangi, hung'arisha na kuzuia maji. Kwa mujibu wa kanuni ya Ulaya ya EN 15987, bidhaa huendelea kuitwa ngozi ikiwa tabaka hilo halizidi milimita 0.15. Karibu, basi, katika taaluma ambayo mambo yake yote yamo ndani ya unene huo.

Siku hizi utando mwingi ni wa akriliki au poliurethani, vitu vitokanavyo na petroli. Lakini anayedhani kwamba utando wa asili ni uvumbuzi wa juzi hawajui mafundi wa zamani. Wao waliyeyusha kaseini, protini ya maziwa, katika maji yenye amonia, wakaipaka kwenye ngozi, kisha wakaisugua kwa mche wa kioo mpaka ikametameta. Kwa macho yangu, mng'ao ule haujapata mshindani. Tabu ni kwamba kaseini tupu ikikauka hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo waliilainisha kwa mafuta ya mbarika yaliyotiwa asidi ya salfa. Tena ikilowa huvimba na kubanduka. Dawa yake ikawa kuzifunga molekuli zake pamoja kwa formaldehaidi, ambayo mwaka 2004 wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliithibitisha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Swali kubwa la leo limezaliwa hapo: protini itafungwaje bila sumu? Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Wyndmoor, Pennsylvania, wamejaribu kufunga jelatini, protini nyingine, kwa kimeng'enya cha transiglutaminasi, na pia kwa jenipini itokayo kwenye tunda la gadenia. Jelatini yenyewe inaweza kupatikana kwenye mabaki ya ngozi ambayo kiwanda kingeyatupa, na hilo ndilo linalonivutia zaidi.

Mbarika nayo imerudi kwa mlango mwingine. Mafuta yake yana vikundi vya haidroksili tangu yakiwa kwenye mbegu, hivyo huungana na isosayaneti na kuwa poliurethani. Hapa nakuomba uwe mkali na neno ‘asili’. Kipimo cha ASTM D6866 huhesabu kaboni-14, ambayo mmea wa jana unayo na petroli imeshaipoteza. Kinakuambia kaboni imetoka wapi, basi. Hakisemi kama utando utaoza ardhini, wala kama aliyeupaka alivuta hewa salama. Wauzaji hupenda kuyachanganya hayo.

Mwisho wa yote, kinachoamua ni matumizi. Utando mgumu huzuia maji lakini hupasuka pale kiatu kinapokunjwa na vidole. Mlaini huvumilia mikunjo lakini hunata na kuachia rangi kwenye soksi. Ngozi ikizibwa sana, mguu hutota kwa jasho. Ndiyo sababu sura ya kwanza, kabla ya kemia yote, inaeleza mashine mbili: ya Bally, inayokunja kipande cha ngozi maelfu ya mara, na ya Veslic, inayokisugua kwa kitambaa cha sufu kilicholowa. Zisome kwanza. Michanganyiko mingi iliyopendeza kwenye bika la maabara iliishia kwenye kitambaa hicho.