Kura Inayookoa Maisha: Jinsi Dawa Zinavyopimwa

Mtu akishikwa na homa, akanywa dawa, kisha akapata nafuu, husema mara moja ya kuwa dawa ile ndiyo iliyomponya. Jirani zake wakisikia, nao huitafuta dawa iyo hiyo. Yawezekana kwamba ni kweli. Lakini yawezekana pia kwamba homa ile ingalikwisha yenyewe, au hata kwamba dawa ilimdhuru mgonjwa, naye akapona kwa nguvu za mwili wake. Kwa kumtazama mgonjwa mmoja, hakuna awezaye kujua. Hata tabibu aliyetibu wagonjwa elfu aweza kudanganyika, kwa kuwa waliopona hurudi kushukuru, bali waliokufa hawarudi kulalamika.

Kwa sababu hiyo matabibu hutumia njia ya kulinganisha. Hutafutwa wagonjwa wengi wenye maradhi ya namna moja, wakagawanywa makundi. Kundi moja hupewa dawa mpya, na kundi jingine hupewa matibabu ya siku zote. Kisha watu huhesabiwa: wangapi wamepona na wangapi wamekufa.

Jambo kubwa hapa ni namna ya kugawanya. Tabibu akichagua mwenyewe, huenda akawapa dawa mpya wale wenye nguvu, ama akawapa wale waliozidiwa kwa kuwahurumia, hata bila ya kukusudia. Hapo makundi hayatakuwa sawa, na hesabu yake itakuwa bure. Basi hupigwa kura, kama ndugu wanavyoweza kupiga kura wakigawana shamba la baba yao, ili asiwepo wa kupendelewa wala wa kuonewa.

KIFUA KIKUU

Jaribio mojawapo la kwanza la namna hii lililopata sifa kubwa lilifanywa Uingereza, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1948. Dawa ya streptomycin ilikuwa imegunduliwa Marekani mwaka 1943. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza haikuwa na fedha za kununua dawa hiyo kwa wagonjwa wote wa kifua kikuu. Maadam haikutosha, kura haikuwa dhuluma. Wagonjwa 107 waligawanywa: 55 walipigwa sindano za streptomycin huku wakipumzika kitandani, na 52 walipumzika tu, kama ilivyokuwa desturi ya matibabu wakati huo. Baada ya miezi 6, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 4, na katika kundi la pili 14.

Lakini jaribio lile lilifunua jambo la pili pia. Vijidudu vya kifua kikuu huizoea streptomycin inapotumiwa peke yake, na mgonjwa aliyeanza kupata nafuu huweza kurudi nyuma. Ndipo matabibu walipojifunza kuchanganya dawa mbili au tatu, ili kijidudu kinachoikwepa moja kiuawe na nyingine.

Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu kubwa katika kazi iliyofuata. Hapo kwanza mgonjwa alilazimika kutumia dawa kwa muda wa miezi 18 au zaidi, na wengi walichoka wakaacha kabla ya kupona. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza yalionyesha kwamba dawa ya rifampicin, ikichanganywa na nyingine, yaweza kumponya mgonjwa kwa miezi 6. Matibabu ya miezi 6 yaliyoenea ulimwenguni baadaye yalikuzwa kutokana na kazi hiyo.

KWININI YASHINDWA

Kwa miaka mingi kwinini, itokayo katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini, ilikuwa ndiyo dawa kuu ya malaria kali. Ilisifiwa na wengi, na hapana shaka kwamba iliokoa watu wengi. Lakini Wachina walitoa dawa nyingine katika mmea uitwao Artemisia annua. Bibi Tu Youyou, aliyeongoza uchunguzi huo katika miaka ya 1970, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kutokana na mmea huo ilifanywa sindano ya artesunate.

Je, kwinini iachwe? Jambo hilo halikuamuliwa kwa maneno. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali katika nchi 9 za Afrika, pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, waligawanywa kwa kura. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Katika waliopewa kwinini walikufa 297, na katika waliopewa artesunate walikufa 230, hali makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Tofauti hiyo hakuna muuguzi ambaye angaliweza kuiona kwa macho katika wodi moja. Hesabu ndiyo iliyoionyesha, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunate.

MAJI YA MSHIPANI

Jaribio la tatu lilileta matokeo ambayo wengi hawakuyatazamia. Mtoto akiletwa hospitali akiwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, na damu haizunguki vizuri mwilini, matabibu wa nchi nyingi walikuwa na desturi ya kumtundikia maji ya chumvi na kuyaingiza mshipani kwa haraka. Vitabu vya tiba vilifundisha hivyo. Yeyote aliyemwona mtoto baada ya kutundikiwa maji, mapigo ya moyo yakitengemaa na mikono ikipata joto, aliamini kwamba matibabu yale ni mema. Wengine walidhani kwamba tatizo la hospitali za Afrika lilikuwa tu kwamba maji hayo hayakutolewa ya kutosha.

Mwaka 2009 jaribio lilianzishwa katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Lilishughulikia watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Kwa kura, watoto 3,141 waliwekwa katika makundi matatu. Makundi mawili yaliingiziwa maji kwa haraka, moja maji ya chumvi na la pili maji yenye protini ya damu iitwayo albumini. Kundi la tatu halikupewa maji ya haraka. Watoto wote walipata matibabu mengine yaliyowapasa, kama dawa za malaria na za vijidudu, na damu kwa waliopungukiwa.

Mwezi wa Januari 2011, kabla idadi ya watoto iliyokusudiwa haijatimia, kamati iliyowekwa kuangalia hesabu ilishauri kazi isimamishwe. Katika saa 48 za kwanza, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa 10 au 11. Katika kila watoto 100 ambao hawakupewa, walikufa 7. Maji yaliyodhaniwa kuwa uzima yalikuwa yakiwapunguza watoto. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa kulegea kwa moyo na mzunguko wa damu, si kwa maji kujaa mapafuni kama ilivyodhaniwa kwanza. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mashauri yake kuhusu jambo hilo.

Yafaa jambo moja lifahamike sana hapa, lisije likaleta madhara. Watoto wenye kuhara hawakuwamo katika jaribio hilo. Mtoto anayehara hupoteza maji mengi, na kumnyima maji ni kumwua. Mtoto huyo apewe kinywaji cha maji, chumvi na sukari kilichopimwa sawasawa, kama kile kinachotolewa katika pakiti za zahanati, aendelee kunyonya au kula, na akizidiwa apelekwe hospitali upesi.

CHANJO YA MALARIA

Kwa njia hiyo hiyo ilipimwa chanjo ya kwanza ya malaria, iitwayo RTS,S. Kati ya mwaka 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakaipata mara nne, waliugua malaria kwa upungufu wa zaidi ya theluthi moja katika muda wa miaka 4 hivi. Chanjo si ngao kamili, wala haiondoi haja ya chandarua.

Mwezi wa Septemba 2019 ilianza kutolewa Kenya, katika kaunti ya Homa Bay na sehemu nyingine za upande wa Ziwa Victoria. Malawi na Ghana zilikuwa zimekwisha kuanza mwaka huo huo. Hata hapo kura ilitumika: sehemu fulani zilitangulia kupata chanjo na nyingine zikangoja, ili vifo vya pande zote mbili vilinganishwe. Ilionekana kwamba katika sehemu zilizotangulia vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa kadiri ya 13 katika kila 100. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliikubali chanjo hiyo itumike, na mwaka 2023 likaikubali ya pili, iitwayo R21.

HAKI YA MZAZI NA MGONJWA

Watu wengine husikia neno «jaribio» wakaogopa, wakidhani kwamba wanageuzwa panya wa maabara. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, maana zamani, katika nchi mbalimbali, walikuwapo watafiti waliowatumia watu bila ya ridhaa yao. Ndiyo sababu kanuni zikawekwa. Jaribio halina ruhusa ya kuanza mpaka likubaliwe na kamati ya maadili. Mgonjwa, au mzazi wake, hana budi kuelezwa kwa lugha anayoifahamu. Aweza kukataa, na aweza kujitoa wakati wowote, wala hatanyimwa matibabu ya kawaida kwa sababu hiyo.

Mzazi akiombwa kumwingiza mtoto wake katika jaribio, inampasa kuuliza maswali haya bila ya haya: Ni nini kinachopimwa? Mtoto atapata nini, na madhara gani yaweza kutokea? Asipoingia atatibiwaje? Ni nani anayeangalia hesabu, na ana uwezo wa kusimamisha kazi? Akidhurika, nani atamtibu? Mtafiti mwaminifu atajibu yote kwa saburi. Asiyetaka kuulizwa, mzazi ana haki ya kumkatalia.

Wazazi wa Kilifi, Muheza na Mbale waliokubali mwaka 2009 na 2010 hawakujua kura ingewaangukia wapi watoto wao, wala matabibu hawakujua ni kundi lipi lililo salama. Hilo ndilo lililofanya kura kuwa ya haki. Na kwa kuwa walikubali, mtoto wa namna hiyo anayeletwa leo hospitali hana tena haja ya kutibiwa kwa kubahatisha.