Mbemba ku Lille: mzee wa nyuma atawezana ao hapana?

Tangu Chancel Mbemba asaini ku Lille, mabishano haiishe. Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Kipushi, mu bisi zenye kubeba watu wa poste ya usiku, ulizo ni moja: kapiteni wetu, mwenye alisaini akiwa na miaka 31, mwenye alikaa msimu muzima bila kucheza mu klabu yake, atawezana tena? Ao Lille imechukua jina tu?

Tuanze na mambo yenye kujulikana. Mbemba alizaliwa Kinshasa tarehe 8 mwezi wa nane 1994. Alipita Anderlecht, Newcastle na Porto, kisha akaingia Marseille mu 2022. Ku Porto njo alipata heshima kubwa: alikuwa championi wa Ureno mara mbili, 2020 na 2022. Wengi bangali banakumbuka finali ya Kombe la Ureno ya tarehe 1 mwezi wa nane 2020. Porto ilibakia watu kumi mbele ya Benfica, na yeye, mukingaji wa nyuma, akafunga magoli yote mbili: 2-1. Ku Marseille vilevile alikuwa mutu wa lazima. Mu nusu-finali ya Europa League 2024 alifunga goli mbele ya Atalanta. Halafu, msimu wa 2024-2025, mulango ukafungwa. Aliwekwa pembeni, hakucheza mechi hata moja. Kontra ikaisha, na Lille haikulipa klabu ingine hata faranga moja ili imupate.

Wenye mashaka bako na sababu. Mashini yenye imelala mwaka muzima, hauiwashe asubuhi na kuipakia muzigo muzima saa ileile. Mazoezi peke yake haitoshe, juu mechi iko na mwendo wake. Na Lille haikuwa na wakati wa kungoja: msimu wa 2025-2026 ilikuwa mu championa ya Ufaransa, na tena mu Europa League, mechi Alhamisi, ingine Jumapili. Nafasi pia haikuwa ya bure. Alexsandro alikuwa pale, Aïssa Mandi alikuwa pale, na kijana Nathan Ngoy wa miaka 22 alitaka yake. Banakumbusha vilevile Sergio Ramos: Paris ilimuchukua mu 2021 akiwa na miaka 35, na maumivu ikamungojesha mpaka mwezi wa kumi na moja mbele ya kucheza mechi ya kwanza. Jina lilikuwa kubwa, lakini mwili ulikataa.

Wenye kumutumainia banajibu: na Thiago Silva je? Aliingia Chelsea mu 2020, karibu miaka 36, na mwaka wenye kufuata akabeba Champions League. Na hapa kwetu, nani amesahau Robert Kidiaba? Mu CAN 2015 alikuwa na miaka 39 wakati Léopards walipata nafasi ya tatu. Mukingaji wa kati haishi kwa mbio tu. Anaishi kwa macho: kujua mupira utaanguka wapi mbele haujaanguka, na kupanga wenzake kwa sauti.

Kuna tofauti moja kubwa yenye watu wanasahau. Ramos alisimamishwa na maumivu. Mbemba alisimamishwa na ugomvi na wakubwa wa klabu, magoti yake haikuwa na shida. Tena hakulala kabisa: Sébastien Desabre aliendelea kumuita mu Léopards na kumuachia kitambaa cha ukapiteni. Na Lille haiogope wazee. Olivier Giroud, miaka 38, alifunga goli mu mechi yake ya kwanza ya championa, ku Brest. Pale Mbemba alikuta vilevile ndugu yetu Ngal'ayel Mukau, basi hakuwa mugeni peke yake.

Ile jimbo, watu wa mine wataielewa haraka. Kaskazini ya Ufaransa ilichimba makaa ya mawe kwa miaka na miaka, mpaka shimo la mwisho, ku Oignies, lilifungwa mwezi wa kumi na mbili 1990. Mupinzani mukubwa wa Lille ni Lens, klabu ya wachimbaji. Uwanja wake ungali na jina la Félix Bollaert, mukubwa wa kompani ya mine. Kule, mutu anapimwa kwa kazi yenye amefanya leo, sawa vile kapita anapima watu wake.

Mawazo yetu ni haya: atawezana, kama kocha hatamuchosha mbio. Apewe kwanza dakika chache, kisha mechi moja mu juma, kisha nafasi yote. Kama anatupwa mu kila mechi tangu mwanzo, maumivu itakuja, na wenye mashaka watashinda.

Kwa sisi, jambo ni kubwa kupita Lille. Tarehe 9 mwezi wa kenda 2025, ku Kinshasa, Léopards waliongoza Senegal 2-0, kisha wakapoteza 3-2. Nyuma ya mechi ile tulikuwa na pointi 16, Senegal 18, na ilikuwa imebaki Togo na Sudani mu mwezi wa kumi. Nyuma yake barage ilikuwa inawezekana, na tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2025 CAN ilianza ku Maroko. Mu saa za namna ile, ekipe inahitaji mutu wa nyuma mwenye kutuliza wenzake.

Njo maana mabishano haya inachoma. Mu nyumba zetu kuna ba papa wenye waliambiwa kama mikono yao haina kazi tena, na mashini walikuwa wangali wanaijua kuliko vijana. Kila Mbemba anapoingia uwanjani, wale ba papa watakuwa mbele ya televizyo. Na kama Lille inamuacha ku banki, Desabre atakuwa na uchaguzi muzito.