Pale ulaji bora unapogeuka hofu

"Daktari, mke wangu haumwi, lakini chakula hali," aliniambia baba mmoja aliyeingia kliniki akiwa amembeba binti yao wa miaka miwili. Ni fundi, anafanya kazi upande wa Ludewa karibu na Mchuchuma, na hurudi Makambako kila baada ya wiki tatu. Kila akirudi alimkuta mkewe amepungua. Safari ile aliona na mashavu ya mtoto yameingia. (Nimebadilisha baadhi ya mambo ili wasitambulike.)

Mama alikaa kimya, mkoba mapajani. Ndani yake mlikuwa na kibakuli cha mboga za kuchemsha, bila chumvi wala mafuta, kwa sababu hakula tena chochote ambacho hakukipika mwenyewe.

Alianza vizuri. Mama yake mzazi aligundulika na kisukari, naye akaacha soda na kupunguza sukari kwenye chai. Angeishia hapo, ningempongeza. Lakini alijiunga na vikundi viwili vya lishe vya WhatsApp, na kila wiki kukawa na chakula kipya cha kuogopa. Ukaondoka ugali, vikafuata viazi, maharage, maziwa, kisha matunda kwa kuwa "yana sukari". Hata parachichi, zao linaloujengea mkoa wetu wa Njombe nyumba za bati, aliliacha kwa kuogopa dawa za shambani. Baada ya mwaka mmoja alibakiwa na vyakula saba. Harusini hakwenda, msibani aliondoka kabla ya chakula. Hedhi ilikoma miezi mitano, na kikundini wakamwambia mwili unajisafisha.

Mwili haujisafishi kwa kusimamisha hedhi. Ubongo ukiona chakula kinachoingia hakitoshi, hupunguza homoni za uzazi ili kubana matumizi. Mapigo ya moyo hushuka, mtu huhisi baridi kuliko wenzake, na mifupa huanza kupoteza uimara.

Hali ya kutawaliwa na hamu ya kula vyakula "safi" tu huitwa othoreksia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1997 na Steven Bratman, daktari wa Marekani ambaye yeye mwenyewe alikuwa amepitia hali hiyo. Bado haijaorodheshwa kama ugonjwa unaojitegemea katika miongozo mikuu ya kimataifa, lakini madhara yake tunayaona. Si lazima mgonjwa awe anataka kuwa mwembamba. Anachoogopa ni kuchafuka.

Mwenzangu mmoja kazini alicheka: "Huo ni ugonjwa wa walioshiba." Namwelewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati kitaifa ni kama asilimia 30. Wengi wao hawakudumaa kwa sababu mama anaogopa chakula. Wanapewa uji mtupu wa mahindi, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Lakini binti huyu hakuwa ameshiba. Kwenye kadi yake ya kliniki, mstari wa uzito ulikuwa umelala tangu mwezi wa 18, siku alipoachishwa maziwa na uji wa karanga. Hofu ya mama ilikuwa imehamia kwenye sahani ya mtoto.

Kwa mtoto sikusubiri. Maziwa, yai, uji wenye karanga, maharage na dagaa vilirudi wiki hiyohiyo, na baba na bibi wakakubali kumlisha wao kwa muda. Kwa mama tulikwenda polepole, na hapa familia nyingi hukosea. Mtu aliyejinyima muda mrefu akilazimishwa kula kingi kwa ghafla, madini ya damu kama fosfati na potasiamu yanaweza kushuka haraka na kuhatarisha moyo. Tulipima damu na mapigo ya moyo kwanza, ndipo tukapanga.

Nilimweleza jambo ambalo huwasaidia wengi. Kuanzia mwaka 1944, huko Minnesota nchini Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya walijitolea kula nusu shibe kwa miezi sita katika utafiti wa Ancel Keys. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Njaa yenyewe huifanya akili izunguke kwenye chakula. Alinitazama, akasema, "Kumbe si mimi tu." Alikuwa akitumia saa nne kwa siku kusoma habari za vyakula.

Tuliandika orodha ya vyakula alivyoviacha, kuanzia anachokiogopa kidogo hadi anachokiogopa zaidi. Kila wiki kimoja kilirudi, akikila na mtu mwingine, si peke yake jikoni. Viazi vilitangulia. Ugali ulichukua miezi miwili. Alijitoa kwenye vile vikundi, mizani ya nyumbani ikapelekwa kwa jirani, na kila baada ya wiki mbili alizungumza na mtaalamu wa afya ya akili kuhusu hofu ya kisukari, maana mzizi ulikuwa hapo. Mumewe nilimwomba aache kusema "kula tu" na pia aache kusifia "umenenepa". Azungumzie mvua, ada, chochote.

Haya hayamhusu mgonjwa wa kisukari au figo aliyepangiwa mlo na daktari. Huyo aendelee nao. Lakini ukiona binti yako anafuta chakula kimoja baada ya kingine, anakwepa kula na wenzake, au hedhi imekoma, mlete. Akizimia, au mtoto mdogo asipoongezeka uzito miezi miwili mfululizo, usingoje.

Mwezi wa tano alirudi nyuma. Mama yake alilazwa, na ugali ukaondoka tena kwa wiki tatu. Tulirudi kwenye viazi.

Mwezi uliopita alikwenda harusini Njombe mjini, akala pilau iliyopikwa na watu asiowajua. Usiku hakulala vizuri kwa wasiwasi. Asubuhi akanywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, kama siku nyingine. Mstari kwenye kadi ya binti yake umeanza kupanda.