Macho yanayotiririka machozi: Nini kifanyike nyumbani, na lini nyumbani hapatoshi

MTU anayefuta macho kila baada ya dakika chache, awe ndani ya daladala au mbele ya kompyuta ofisini, huulizwa kwa utani amefiwa na nani. Utani huo huficha usumbufu wa kweli. Machozi yanayotoka pasipo kilio hufifisha uoni, huchubua ngozi ya kope na humfanya mhusika akimbilie chupa yoyote ya dawa iliyo karibu. Mara nyingi hatari kubwa zaidi huanzia kwenye chupa hiyo.

Machozi hutengenezwa muda wote, si wakati wa huzuni pekee. Tezi iliyo juu ya jicho, upande wa panja, hutoa maji. Tezi ndogondogo zilizojipanga kwenye kingo za kope hutoa mafuta. Na utando unaofunika weupe wa jicho hutoa ute. Kila mtu anapopepesa, mchanganyiko huo husambaa juu ya jicho, kisha huingia katika vitundu viwili vilivyo kwenye kona ya ndani, kimoja kope ya juu na kingine kope ya chini, na kuteremka hadi puani. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Kwa hiyo jicho hufurika kwa njia mbili: ama machozi yanatengenezwa kupita kiasi, ama mfereji wa kuyaondoa haufanyi kazi ipasavyo.

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni kwamba macho makavu ni miongoni mwa sababu kubwa za machozi mengi. Mafuta yanapopungua, maji yaliyo juu ya jicho hukauka haraka. Jicho huwashwa kama lililoingiwa mchanga, na tezi kubwa hujibu kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo, kwa kuwa hayana mafuta ya kutosha, hutiririka shavuni bila kuliponya jicho, na baada ya muda mfupi mzunguko huanza upya. Mkazi wa mjini anayekaa chini ya kiyoyozi, au anayelala feni ikimpulizia usoni usiku kucha, huwa katika hali hiyo bila kujua.

Kompyuta na simu huongeza tatizo kwa njia nyepesi kueleweka. Kwa kawaida mtu hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, lakini akikazia macho kioo cha simu idadi hiyo hushuka sana. Wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa meta sita hivi kwa sekunde 20, huku akipepesa kwa kufumba kope hadi zigusane. Feni igeuzwe isielekee usoni. Machozi bandia yanayouzwa katika maduka ya dawa husaidia pia, ingawa anayelazimika kuyatumia zaidi ya mara nne kwa siku ni vema atafute aina isiyowekwa kemikali za kuhifadhi dawa.

Kwa wenye kope zilizovimba kingoni, au zinazoamka na magamba mithili ya mba, tiba ya nyumbani yenye manufaa zaidi ni kitambaa cha maji moto. Kitambaa safi huchovywa katika maji yanayostahimilika mkononi, hukamuliwa na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, kikirudishwa majini kila kinapopoa. Joto hulainisha mafuta yaliyoganda katika vinyweleo vya tezi. Baada ya hapo kope husuguliwa taratibu kwa kidole, ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, kisha kingo zake hufutwa kwa pamba iliyolowekwa katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Zoezi hili halileti nafuu kwa siku moja. Huhitaji wiki kadhaa, na wengi huliacha mapema mno.

Moshi nao una sehemu yake. Jiko la mkaa linalowashwa kwenye veranda iliyozibwa, ubani, udi na dawa ya mbu ya kuchoma chumbani, vyote huchokoza macho ya waliomo, hasa watoto. Dawa yake ni kulitoa jiko nje au kufungua madirisha, si kutia matone. Kitunguu kinapokatwa hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa jicho huwasha; kisu kikali na kitunguu kilichopoa katika jokofu hupunguza gesi hiyo. Abiria wa bodaboda, naye, hukingwa na kioo cha helmeti kuliko dawa yoyote.

Pale machozi yanapoandamana na muwasho mkali, chafya na mafua, mzio ndio wa kushukiwa kwanza. Huletwa na vumbi la nyumbani, manyoya ya wanyama, chavua, na hata gundi ya kope bandia au wanja. Hapa kinachofaa ni kitambaa cha maji baridi, si cha moto, pamoja na kufua mashuka kila wiki na kukung'uta mito juani. Lililo gumu ni kumzuia mtoto asifikiche macho, kwani kufikicha huongeza kemikali za muwasho na, kwa miaka, huweza kuharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho.

Watoto wachanga wana habari yao. Baadhi huzaliwa mfereji wa machozi haujafunguka, na jicho moja au yote mawili hubaki na maji na tongotongo. Wengi hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mzazi aliyekwishanawa mikono na kukata kucha huweza kukandamiza kwa upole pembeni mwa pua, karibu na kona ya jicho, na kuteleza kuelekea chini mara kadhaa kwa siku. Lakini mtoto aliye chini ya mwezi mmoja anayetoka usaha mwingi na kuvimba kope anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayekimbia mwanga na ambaye jicho lake linaonekana kubwa au lenye ukungu, kwani hiyo huweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo.

Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza ongezeko kubwa la wagonjwa wa macho mekundu, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Maradhi hayo ya virusi huisha yenyewe, kwa kawaida katika wiki moja hadi tatu, na dawa za kuua bakteria haziyafupishi. Kinachowezekana ni kunawa mikono kwa sabuni, kutochangia taulo na mito, na kutuliza macho kwa kitambaa baridi kisichotumiwa na mwingine.

Kila mlipuko wa namna hiyo huleta pia orodha ya tiba za mtaani: maziwa ya mama, mkojo, maji ya chumvi, majani ya chai, utomvu wa mimea. Hakuna iliyo safi kiasi cha kutiwa katika jicho lenye jeraha. Utafiti uliofanyika Mvumi, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1994 ulihusisha takriban robo ya vidonda vya kioo cha jicho vilivyochunguzwa na matumizi ya dawa za kienyeji. Hata hivyo, dawa ya dukani si salama kwa sababu tu imefungwa vizuri. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, huondoa wekundu haraka na kumfurahisha mgonjwa, lakini yakitumiwa kwa wiki nyingi bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kumwazima jirani chupa kama hiyo si ukarimu.

Maumivu makali, uoni uliopungua, kushindwa kustahimili mwanga, doa jeupe juu ya mboni, au uvimbe mwekundu kati ya jicho na pua ni dalili za kwenda kwa daktari bila kungoja. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye vikope ambaye nywele za kope zimegeukia ndani na kukwaruza jicho. Kuzing'oa kwa kibano nyumbani hakuondoi tatizo, bali upasuaji mdogo huweza kuzirejesha nje. Na kama machozi yameanza kwa kurukiwa na chokaa, asidi ya betri au dawa ya kuondoa madoa, hospitali ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kulifungua jicho chini ya bomba, au kulimiminia maji safi kutoka kwenye jagi, kwa muda usiopungua dakika 15, hata kama aliyeumia anapiga kelele.