Je, Wajua? Dudumizi Naye Ni Mtabiri

Mkulima wa kahawa na mahindi wa Vwawa, mkoani Songwe, hutegemea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwake, dakika chache za mtabiri wa hali ya hewa kwenye runinga si za kubadilisha chaneli.

Je, wajua kwamba mmoja wa wataalamu wa fani hiyo aliwaendea wakulima wenyewe kujifunza? Dkt. Ladislaus Chang'a, aliyepanda hadi kuiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), alichapisha na wenzake mwaka 2010 utafiti kuhusu utabiri wa jadi wilayani Kilolo na Rungwe, isiyo mbali na Vwawa. Walielezwa kuwa mihemi, ile miti ya maua mekundu, ikichanua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, mvua itakuwa nzuri. Mwenendo wa ndege dudumizi ulitajwa miongoni mwa dalili bora kabisa. Kuiandika elimu hiyo kabla wazee hawajaondoka nayo ni kazi kubwa, tena ya haraka.

Julai 2023, jijini Nairobi, Chang'a alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi.