Agogwe wa Wembere (2): Tumtafute Kitandani

Kwenye mashine za kukoboa mpunga hapa Kagongwa, foleni ikiwa ndefu, hakosekani kijana aliyerudi machimboni na habari za kijitu chenye manyoya kilichomkatisha njia porini. Wiki iliyopita tulimtaja jina: agogwe. Leo tumpime.

Habari yake iliyochapishwa inatoka jirani, ng'ambo ya Nzega na Igunga. Desemba 1937, katika jarida la Discovery la Uingereza, Kapteni William Hichens, aliyewahi kuwa ofisa wa kikoloni huku, alisimulia alivyovizia simba mla watu katika misitu ya Ussure na Simbiti, magharibi mwa mbuga ya Wembere. Vikatokea viumbe viwili vya rangi ya kahawia, urefu wa futi nne hivi, vikitembea wima, vikavuka na kuzama kichakani. Hakupata hata unywele.

Simwiti mwongo. Lakini kuonekana ndiyo sehemu ndogo ya mambo. Mnyama hula, hulala, hunya, hufa.

Tazama Rubondo, kisiwa cha upande wetu wa Geita. Kati ya 1966 na 1969 walishushwa huko sokwe wapatao 17 waliotolewa Ulaya, wakajitafutia maisha, wakazaana. Ni wajificha hodari: mgeni anaweza kuzunguka siku nyingi asimwone hata mmoja. Watafiti hawakuhangaika sana na hilo. Waliinua macho mitini wakahesabu vitanda, maana sokwe hujitandikia matawi karibu kila jioni na kitanda hubaki hapo wiki nyingi. Piga hesabu: sokwe wakubwa 30 kwa mwaka mmoja huacha vitanda karibu 11,000. Hata tukisema agogwe hulala chini kama sungura, kinyesi na mifupa vingebaki. Naye hawezi kuwa mmoja. Tangu 1937 mpaka leo unahitajika ukoo mzima, wajukuu na vitukuu.

Ukoo huo uishi wapi? Vichaka vya Shinyanga vilifyekwa enzi za Mwingereza kupigana na mbung'o, kisha ukaja mkaa, ng'ombe, na wachimbaji wasioacha kilima bila shimo. Mimi nikitaka kujificha, nisingechagua huku.

Msomaji mbishi ataniletea kipunji, na ana haki. Wawindaji wa Rungwe walimtaja kima huyu, wataalamu wakadhani huenda ni hadithi. Mwaka 2003 mtafiti Tim Davenport na wenzake wakamwona, na 2005 dunia ikatangaziwa. Ila kipunji anaishi kwenye msitu wa mvua, wenye miteremko mikali. Tena mwaka huohuo wa 2005 mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, shambani kwa mahindi. Hata yeye, kwa siri yake yote, aliacha maiti.

Basi hukumu yangu: Wembere hakuna agogwe. Atakayetaka kunivua nguo hadharani asiniletee hadithi. Aokote unywele bila kuushika kwa vidole, aufunge kwenye karatasi kavu, si nailoni, aandike mahali na tarehe, aupeleke kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Akiona unyayo, aweke shilingi mia pembeni ndipo apige picha.