Kristali ya molekyuli ndogo ndani ya mashine ya protini

Katika somo la shimi tunachora molekyuli ubaoni kama vile tuliziona kwa macho. Nani aliziona? Ni miali ya X. Ikipiga kristali, inatoka imegawanyika kuwa madoa mengi, na kwa kupima madoa hayo wataalamu wanahesabu kila atomi inakaa wapi. Ndivyo Dorothy Hodgkin na wenzake, mwaka 1945, walivyomaliza ubishi juu ya umbo la penisilini.

Siku hizi kuna mashine zenye miali mikali sana, kama kule Grenoble, Ufaransa, na nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya protini, zenye maelfu ya atomi. Je, mwenye kristali ya kinini, atomi 48 tu, anaweza kuzitumia? Anaweza, lakini asiingie tu vile.

Kwanza, pembe. Madoa yanayoruka mbali ndiyo yanaonyesha mambo madogo. Tuhesabu kwa sheria ya Bragg: d = λ / (2 sin θ). Tuseme bamba la kupokea miali lina sentimeta 15 toka katikati mpaka ukingo, na kristali iko sentimeta 15 mbele yake. Basi 2θ ya mwisho ni 45°. Kwa miali ya angstromu 1, d ni 1,31. Kwa protini ni vizuri sana. Kwa molekyuli ndogo haitoshi, sababu inatakiwa kufika karibu 0,84. Tukichukua miali mifupi ya 0,62, d inakuwa 0,81. Tumefika!

Pili, nguvu. Kristali hizi zinatoa madoa makali. Bamba likishiba, hesabu ya doa hilo ni ya uongo. Inafaa kupunguza miali, kisha kupiga tena kwa nguvu ili kupata madoa hafifu.

Tatu, kuzungusha. Mashine nyingi za protini zinazungusha kristali kwa mhimili mmoja tu, na madoa mengine hayapatikani kamwe. Inafaa kuigeuza mkao mwingine na kuanza tena.

Mwenye haraka ataacha haya yote, na ordinatera itampa picha vilevile. Lakini anaweza kuita azoti oksijeni, na kwa dawa hilo si jambo dogo. Ndugu zetu, mizani ya magunia ya kahawa ni mizani kweli, lakini nani atapimia nayo kidonge?